Zamu ya nani? Masharti ya ngazi na programu yangu yenye kiherehere

Najua nimekuwa kimya. Mara ya mwisho niliahidi kuandika kuhusu hifadhidata, na makala hiyo ipo njiani, lakini wiki hizi zote nimekuwa nikihangaika na kitu kingine kabisa: programu ndogo ya kukagua wahusika wa mchezo. Nilidhani ni kazi ya jioni mbili. Ikawa ya miezi miwili, na nusura inivunjie urafiki. Kwa hivyo leo mnivumilie, tuzungumze michezo. Wale wa hifadhidata msiondoke, mtakutana nayo huko chini.

Kwanza nieleze kwa wasioujua mchezo wenyewe. Watu wanne au watano hukaa mezani, bila skrini. Mmoja ni msimulizi: yeye hueleza dunia, huwaigiza maadui na huamua mambo yakizozaniwa. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, anachojua kufanya. Ukitaka kufanya jambo lisilo na hakika, unarusha dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Mchezo mkongwe kuliko yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Sisi huucheza Jumapili mchana hapa Nairobi, na kwa sasa msimulizi ni mimi.

Mhusika huanza akiwa ngazi ya 1. Akipata uzoefu anapanda: 2, 3, hadi 20 katika toleo tunalotumia. Kila ngazi humletea kitu kipya, na kuna vitu ambavyo haruhusiwi kuvigusa kabla ya ngazi fulani. Hilo ndilo sharti la ngazi, na ni la kale kama mchezo wenyewe. Chukua ule uchawi maarufu wa kurusha tufe la moto. Mwaka 1974 mchawi aliupata akifika ngazi ya 5. Leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, anaupata akifika ngazi ya 5. Mengi yamebadilika, hilo limebaki.

(Kisa kidogo. Zamani, kabla sijawa msimulizi, nilikuwa kwenye matatu nikimweleza rafiki yangu kwa simu kwamba mchawi wangu amefika ngazi ya tano na sasa anaweza kuteketeza watu kwa moto. Mama aliyeketi kando yangu alihama kimya kimya hadi kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo nayaongea mambo haya nyumbani tu.)

Haya. Sisi hucheza toleo la 3.5 la mwaka 2003. Mtu atauliza, mbona la zamani hivyo, wakati kuna la 2014 na hata la 2024? Sababu ni pesa. Toleo la tatu lilipotoka mwaka 2000, kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa pia leseni huria, na sehemu kubwa ya kanuni ikawekwa wazi kwa kila mtu kuinakili na kuitumia. Mwaka 2003 wakafanya vivyo hivyo kwa 3.5. Wakati tunaanza, mimi nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, na neno "bure" lilikuwa na nguvu kuliko uchawi wowote. Kanuni za toleo la 2014 nazo ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mnamo Januari 2023, lakini kufikia hapo sisi tulikuwa tumeshazoea.

Jambo kubwa lililoletwa na toleo la tatu ni mbinu. Mbinu ni ujuzi maalumu ambao mchezaji anajichagulia. Mhusika yeyote hupata moja katika ngazi ya 1, ya 3, ya 6, na kuendelea kila baada ya ngazi tatu. Binadamu huongezewa moja mwanzoni. Mpiganaji hupata nyingine za ziada katika ngazi ya 1, ya 2, ya 4, ya 6 na kadhalika. Mbinu nyingi zina masharti, na masharti hayo hujengana kama ngazi za nyumba. Majina rasmi ni ya Kiingereza, ila mezani kwetu tumeyapa yetu. Dodge tunaiita Kwepa. Mobility tunaiita Pita. Spring Attack ni Chomoka: unatoka mafichoni mbio, unachoma, unarudi mafichoni, yote katika zamu moja, na uliyemchoma hapati nafasi ya kukurudishia unapompita. Juu yake iko Whirlwind Attack, yaani Kimbunga, unapowapiga wote waliokuzunguka kwa mkupuo.

Ukisoma maelezo ya Chomoka utakuta masharti manne: wepesi usiopungua 13, uwe na Kwepa, uwe na Pita, na nyongeza ya shambulizi isiyopungua +4.

Hebu tuliangalie hilo la mwisho. Halitaji ngazi popote. Lakini nyongeza ya shambulizi haiji kwa njia nyingine isipokuwa kupanda ngazi, na kila kazi ina kasi yake. Mpiganaji huongezewa moja kila ngazi. Mwizi hupata robo tatu ya hiyo. Mchawi hupata nusu. Kwa hivyo ile +4 inamaanisha hivi:

Mpiganaji: ngazi ya 4.
Mwizi: ngazi ya 6.
Mchawi: ngazi ya 8 (na kwa kuwa mbinu yake inayofuata huja ngazi ya 9, atangoja hadi hapo).

Yaani ni sharti la ngazi lililovaa nguo za kiraia. Namba moja, milango mitatu. Kama mwandishi wa programu, siku nilipoligundua nilifurahi kama mtoto. Kwa mstari mmoja wameandika kanuni ambayo mimi ningeiandika kwa mistari sita.

Mbinu nyingine hazijifichi. Ile ya Uongozi, inayokupa wafuasi, inasema waziwazi: mhusika awe ngazi ya 6. Na ile tunayoiita Bingwa wa Silaha inataka uwe mpiganaji wa ngazi ya 4. Soma tena sentensi hizo mbili. Ya kwanza inauliza ngazi ya mhusika mzima. Ya pili inauliza ngazi katika kazi moja tu. Mtu anaweza kuwa mwizi wa ngazi ya 3 na mpiganaji wa ngazi ya 3. Huyo kwa jumla ni ngazi ya 6, Uongozi anaupata, Bingwa wa Silaha hapati.

Hapo ndipo programu yangu ilipopata mdudu wake wa kwanza. Nilikuwa na kigeu kimoja kinachoitwa "ngazi" na nikakitumia kila mahali. Matokeo yake, programu iliwagawia ubingwa wa silaha watu waliokuwa wamegusa upiganaji juzi tu. Nilijiona mjinga hadi nilipokumbuka kwamba watengenezaji wenyewe walikwama papo hapo. Katika toleo la 2014 kuna kazi iitwayo warlock, na nguvu zake nyingine zina sharti la ngazi ya 5, ya 7, ya 9, ya 12 au ya 15. Watu wakauliza: ngazi ipi, ya mhusika au ya kazi hiyo? Ikabidi itolewe tafsiri kwamba ni ya kazi hiyo. Ni mdudu uleule, ila wao wa kwao ulikuwa umeshachapishwa vitabuni.

Kisa chenyewe ni Kiingereza. Neno "level" wamelibebesha mzigo: ngazi ya mhusika, ngazi ya uchawi, ngazi ya adui, hata ngazi ya shimo mnalotembea. Gygax alilikiri hili katika kitabu chake cha wachezaji cha mwaka 1978. Alieleza kwamba waliwahi kufikiria kutumia maneno tofauti, kisha wakaliacha lile moja kwa sababu watu walishalizoea. Sisi Waswahili hatuna shida hiyo: tuna ngazi, tuna daraja, tuna kiwango, tuna cheo. Siku mtu akiutafsiri mchezo huu kwa Kiswahili, tafadhali asituletee uhaba wa maneno ambao si wetu.

Turudi kwenye programu. Masharti ya mbinu ni grafu. Kila mbinu ni nukta, kila sharti ni mshale. Ni jambo lilelile linalotokea ukitaka kuweka programu kwenye Linux ikakuambia inahitaji maktaba fulani kwanza, na maktaba hiyo nayo inahitaji nyingine. Toleo langu la kwanza lilisoma karatasi ya mhusika, likachukua kila mbinu, likauliza: je, masharti yametimia? Nikawapitisha wahusika wetu wote wanne, waliokuwa ngazi ya 7. Wote wakapita. Nikajipongeza kwa chai.

Kisha nikaanza kuwasha. Toleo la kwanza lilikuwa linakagua hali ya sasa tu. Halikuwa linajua mtu amefikaje. Kanuni inasema huwezi kuchukua mbinu kabla ya kutimiza masharti yake. Haisemi tu kwamba uwe umeyatimiza leo. Kwa hivyo nikaandika toleo la pili, linalorudia maisha ya mhusika kuanzia ngazi ya 1, ngazi kwa ngazi, na kukagua kila hatua. Karatasi zetu zina safu ya kuandika mbinu ilichukuliwa lini, kwa hiyo data ilikuwepo. Nikabonyeza kitufe. Likatoka hili:

mwizi, ngazi 3: Chomoka: inahitaji shambulizi +4, anayo +2: IMEKATALIWA

Mwizi wetu huchezwa na rafiki yangu anayesomea uanasheria. Alichukua Kwepa na Pita katika ngazi ya 1, na katika ngazi ya 3 akachukua Chomoka. Hakudanganya. Aliuona mstari wa mbinu zinazotakiwa, akauruka ule wa nyongeza. Mimi niliyepaswa kukagua nilisaini karatasi bila kuisoma. Katika ngazi ya 6 alipopata nafasi nyingine alichukua Mkono Mwepesi, ambayo angeweza kuichukua kihalali katika ngazi ya 3.

Mmeona kichekesho? Ukibadilisha mpangilio tu, Mkono Mwepesi katika ya 3 na Chomoka katika ya 6, mhusika ni halali kabisa. Mbinu ni zilezile nne. Karatasi ya ngazi ya 7 haitofautiani hata herufi moja. Kosa lilikuwepo kuanzia ngazi ya 3 hadi ya 5, kisha likajifuta lenyewe.

Mtu mwenye akili angecheka akaendelea na maisha. Mimi nilichapisha ile ripoti nikaenda nayo mezani Jumapili.

Nilianza kwa utani, lakini mnajua utani wa mtu aliyeandika programu miezi miwili. Nikaeleza. Nikaonyesha mstari. Nikasema, bila kufikiri, kwamba yale mapambano tuliyoshinda wakati huo "kihalali hayakuwa ushindi". Meza ikanyamaza.

"Yaani kosa limekwisha zaidi ya mwaka mmoja," akasema, "na wewe unanishtaki leo? Hata mahakamani kesi hupitwa na wakati."

Nikasema si mashtaka, ni usahihi tu.

"Sawa. Basi niambie, hiyo +4 inalinda nini? Kama nilikuwa siwezi katika ngazi ya 3, mbona niliweza?"

Sikuwa na jibu. Nikasema ndivyo kitabu kinavyosema. Akafunga begi lake, akasema ana kesi ya kusoma, akaondoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Sasa, mimi nikishindwa swali huwa nasoma. Nikakaa na matoleo mbalimbali nikitafuta masharti ya ngazi yanafanya kazi gani hasa, na nikakuta kila kizazi cha watengenezaji kimelishughulikia kivyake.

Toleo la nne, la mwaka 2008, liliacha kujificha. Lilizigawa ngazi 30 katika hatua tatu za ngazi kumi kumi, na mbinu zikapangwa kwa hatua hizo. Mchezo wa Pathfinder, katika toleo lake la pili la mwaka 2019, ulienda mbali zaidi: kila mbinu ina namba ya ngazi pembeni ya jina lake. Huhitaji kukokotoa chochote. Programu ya kuukagua ningeiandika kwa jioni mbili kweli.

Dungeons & Dragons ya 2014 ilielekea upande mwingine. Mbinu zilikuwa za hiari, chache zilikuwa na masharti, na kulikuwa na aina moja ya binadamu iliyoruhusiwa kuchukua mbinu katika ngazi ya 1. Nini kikatokea? Watu wengi wakawa binadamu wa aina hiyo. Mbinu kali kama Great Weapon Master na Sharpshooter zikawa zinaonekana siku ya kwanza ya mchezo. Toleo la 2024 likarudisha mlango: kuna mbinu za asili unazopata ngazi ya 1, kuna za jumla zinazotaka ngazi ya 4 au zaidi, zile mbili kali zikiwemo, na kuna za mwisho kabisa zinazotaka ngazi ya 19.

Nilipoyaweka yote pamoja nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote ya kucheza. Sharti la wepesi 13 linauliza: je, mwili wako unaweza? Sharti la Kwepa linauliza: je, umejifunza kilichotangulia? Sharti la ngazi haliulizi chochote kuhusu uwezo wako. Rafiki yangu alisema kweli. Katika ngazi ya 3 aliweza vizuri tu. Sharti la ngazi linauliza: je, wakati wako umefika? Na wakati wako ni mapema au ni kuchelewa ukilinganishwa na nani? Na wenzako mezani. Lile tofauti la 4 kwa mpiganaji na 6 kwa mwizi halina maana nyingine. Mwizi tayari ana mambo yake tangu mwanzo: kufungua makufuli, kujificha, kuchoma kwa kushtukiza. Mpiganaji ana mbinu tu. Kwa hiyo watengenezaji wakasema: mbinu za vita, mpiganaji aziguse kwanza.

Ni foleni. Sharti la ngazi ni mtu anayepanga foleni.

Basi nikajiambia, kama ni foleni, tuone nani alikuwa kwenye foleni yetu. Hakuna. Mpiganaji wetu hana hata Chomoka. Nikaandaa maneno ya kuomba msamaha: ulikuwa sahihi, haikulinda chochote, nisamehe. Kabla ya kumpigia simu, nikafungua grafu za wahusika wote mara moja ya mwisho. Na hapo nikaona kitu katika grafu ya mpiganaji ambacho nilikuwa nimeshakiona zamani nikakidharau.

Mpiganaji wetu huchezwa na mwalimu wa hesabu. Ametuzidi umri kwa miaka kumi na kitu, tunamwita Mwalimu, mtu mpole asiyebishana na kanuni wala na mtu. Grafu yake ilikuwa na nukta mbili zisizoelekea popote: Kwepa na Pita, zote zimechukuliwa ngazi ya 1. Nilikuwa nimezichukulia kama uchaguzi mbaya wa mtu mgeni. Pia huvaa deraya nyepesi ijapokuwa ana uwezo wa kununua nzito, na sisi tumemtania kwa hilo kwa muda mrefu. Sasa nikakumbuka mstari mmoja katika maelezo ya Chomoka: haifanyi kazi ukivaa deraya nzito.

Ngazi mbili zilizojengwa kuelekea mlango. Nguo zilizonunuliwa kwa safari. Katika ngazi ya 4, alipofika mlangoni, alichukua Bingwa wa Silaha.

Nikampigia. "Mwalimu, samahani. Ulikuwa unataka Chomoka?"

Akacheka kidogo. "Nilikuwa nataka. Lakini nilipofika nikakuta msichana anayo tayari, na anaitumia vizuri kweli. Nikaona, kila mtu awe na jambo lake. Si neno."

Si neno! Mtu alipanga tangu siku ya kwanza, akasubiri ngazi tatu, akafika akakuta zamu yake imeshachukuliwa, akapisha bila kusema. Na mimi msimulizi, kazi yangu ikiwa ni kuangalia meza nzima, sikuona. Programu iliona, ila sikuwa nimeiuliza swali hilo. Ilikuwa inauliza nani kavunja kanuni. Haikuwa inauliza kanuni ilikuwa inamwekea nani nafasi.

Nilimpigia rafiki yangu baada ya hapo. Sikumwambia kwamba alikuwa sahihi, wala kwamba mimi nilikuwa sahihi. Nilimwambia kuhusu Kwepa, Pita na deraya. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mbona hukuanza na hilo?" Jumapili akaja. Alipoingia, alimwendea Mwalimu kwanza kabla hajanisalimia mimi.

Sasa lile la hifadhidata niliyowaahidi.

Kazini kwetu kulikuwa na kanuni: asiyetimiza mwaka mmoja haruhusiwi kugusa hifadhidata iliyo hai. Siku hizo hizo tulikuwa na mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya kazini, na mara mbili aliniomba afanye kazi ndogo huko nikamkatalia. Ndivyo kanuni inavyosema, nilimwambia. Baada ya mambo ya Mwalimu, jibu langu lilianza kuniwasha. Mafunzo yake ni ya miezi mitatu. Mwaka mmoja kwake ni sawa na kamwe.

Nikawauliza waliotangulia kanuni hiyo ilitoka wapi. Ilianzishwa enzi ambazo nakala ya akiba ilitengenezwa kwa mkono mara moja kwa wiki, na kosa moja la Alhamisi lilifuta kazi ya siku nne. Siku hizi nakala hujitengeneza kila usiku. Nikauliza swali la foleni: tukimfungulia, nani anapoteza zamu yake? Hakuna. Hapa kinacholindwa ni data ya wateja, na data ya wateja hailindwi na kalenda. Hili lilikuwa sharti la uwezo lililovishwa sharti la ngazi, kinyume kabisa na ile +4.

Nikaomba tulibadilishe, na baada ya vikao viwili tukakubaliana: yeyote anayetaka kugusa hifadhidata iliyo hai, kwanza achukue nakala ya akiba ya jana, airejeshe mwenyewe kwenye seva ya majaribio, mwenzake akimtazama, na athibitishe kwamba hakuna kilichopotea. Ukiweza, umeingia, uwe umekaa wiki tatu au miaka mitatu. Mwanafunzi wetu aliweza wiki hiyo hiyo. Mmoja wetu mwenye miaka miwili kazini hakuweza mara ya kwanza, na ilikuwa vizuri tukajua.

Kwa hivyo sisemi masharti ya ngazi yaondolewe. Wala sisemi yaabudiwe. Ninachosema ni kwamba ukikutana na moja, kwenye mchezo au kwenye programu unayoiandika, uliza swali moja: hii ni zamu ya nani? Ukimpata mtu, liheshimu, hata kama unayezuiwa anaweza. Usipompata, tafuta ni uwezo gani uliokusudiwa kupimwa, kisha upime huo.

Programu yangu sasa iko toleo la tatu. Neno IMEKATALIWA nimelifuta. Likikuta mbinu iliyochukuliwa mapema, linapitia wahusika wengine wote wa meza hiyo na kutafuta yeyote mwenye ngazi zinazoelekea mlango huo huo. Kisha linaandika: "Mapema kwa ngazi 3. Zungumza na mpiganaji." Hivyo tu. Uamuzi ni wa watu.

Tulimwambia Mwalimu abadilishe mbinu yake ya ngazi ya 4 ili apate Chomoka papo hapo, kila mtu alikubali. Akakataa. Akasema atangoja ngazi ya 8, ndiyo nafasi yake inayofuata, na kwamba amengoja hadi sasa. Jumapili iliyopita tulifika ngazi ya 8. Walinzi wawili mlangoni mwa hekalu, Mwalimu nyuma ya nguzo. Rafiki yangu mwanasheria angeweza kutangulia, zamu ilikuwa yake. Akasema mwizi wake anangoja.

Mwalimu akatangaza Chomoka. Akatoka nyuma ya nguzo. Akarusha dadu. Ikatoa 2.

Alikosa, akarudi nyuma ya nguzo kama kanuni inavyoruhusu, na meza nzima ikapiga makofi.

Haya. Makala ijayo ni hifadhidata, kweli kabisa. Mkae salama.